Nobu Nyekundu ya Kimotho

Nyaruai, aliyejulikana na wote kama Mama Kimotho, alikuja kituoni na kiti chake mwenyewe. Kilikuwa kile cha plastiki, cha kijani, cha kukodishwa harusini, na alikitua mbele ya mlango wa stoo ya vielelezo, akaketi na mkoba juu ya magoti kana kwamba ibada ilikuwa karibu kuanza. Hiyo ilikuwa siku yake ya tatu pale. Konstebo Kiptum alikuwa amemweleza mara mbili kwamba raia haruhusiwi kukaa sehemu ile, na mara ya pili alijibiwa kwamba Kimotho naye hakuruhusiwa kufa.

Inspekta Pauline Nanyama alimwacha akae. Asikudanganye mtu kwamba ilikuwa huruma. Nanyama alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na huruma yake ilikuwa imebaki kama sabuni ya mwisho wa mwezi. Alimwacha kwa sababu baiskeli ya marehemu ilikuwa nyuma ya mlango ule, na Kitale nzima hakukuwa na askari ambaye angeilinda vizuri kuliko mwanamke anayetaka mtu alipe.

"Leo ni Alhamisi, Madam," Nyaruai alisema. Hakuinua sauti. "Kesho saa nane huyo Hillary anapelekwa kortini. Mkimshtaki, sawa. Mkimwachilia, vijana wa Saboti wameapa hatafika kwao. Na mimi sitawazuia."

"Hayo unayoniambia ni kosa, Mama Kimotho."

"Basi niandikie."

Nanyama hakumwandikia. Alifungua kufuli akaingia.

Kisa chenyewe watu walikuwa wamekiona kwenye simu mpaka wakachoka. Jumamosi ya wiki mbili zilizopita, mbio za baiskeli za kuteremka mlima, huko juu ya Saboti. Kimotho, miaka ishirini na minne, bingwa wa mbio hizo mara mbili mfululizo, alikuja akiongoza. Akafika kwenye mtaro mkubwa ambao waendeshaji huuruka. Akaruka vizuri. Gurudumu la nyuma likatua, springi ikabanwa mpaka mwisho, halafu baiskeli ikamrusha juu ya usukani jinsi ng'ombe mkorofi anavyorusha ndoo kwa teke. Aliangukia shingo. Aliyekuwa wa pili, Hillary, mwanafunzi anayeishi Kibabii, ndiye aliyepewa ushindi. Na mashahidi wawili walikuwa wamemwona Hillary asubuhi ile, kwenye hema, ameinama kando ya baiskeli ya Kimotho kwa muda wa kama dakika moja.

Hiyo dakika moja ndiyo iliyomtia Hillary ndani.

Nanyama alisimamisha baiskeli katikati ya stoo. Wiki moja kabla ya hapo hakujua tofauti ya shoki na pampu. Sasa alijua, kwa sababu alikuwa amewauliza mafundi wanne maswali yale yale mpaka wakamkimbia. Springi ndiyo inayobeba mtu. Ndani ya springi kuna shoki yenye mafuta, na kazi ya mafuta ni kuizuia springi isirudi kwa hasira ikishabanwa. Springi ikiwa laini, mafuta hayana kazi kubwa. Ukiweka springi ngumu, lazima uyabane mafuta zaidi, la sivyo inarudi kama jiwe la manati. Kuyabana au kuyaachilia unazungusha nobu moja ndogo, nyekundu, isiyozidi kifuniko cha soda. Ukizungusha kulia unafunga, na baiskeli inarudi polepole. Kushoto unafungua.

Springi iliyokuwa kwenye baiskeli ilikuwa ngumu. Hilo halikuwa siri. Ngige, fundi wa Kimotho, alikuwa ameandikisha mwenyewe kwamba aliibadilisha Ijumaa jioni baada ya mazoezi, kwa ombi la Kimotho, kwa ajili ya ule mtaro. Nobu hakuigusa, alisema. Waendeshaji hawakubali mtu mwingine awahesabie nobu zao. Shoki ilitumwa Bumula kutengenezwa mwezi uliopita, ikarudi, akaifunga ilivyokuja. Mambo ya ndani hakuyajua. Alikuwa ametia sahihi.

Nanyama alisoma tena ripoti ya mkaguzi wa magari, mtu wa malori na mabasi, aliyeipa baiskeli ile nusu saa ya maisha yake. Nobu imezungushwa kulia hadi mwisho. Imefungwa kabisa. Chombo kilikuwa salama. Ajali.

Aliweka viganja viwili juu ya kiti cha baiskeli, akaegemea kwa uzito wake wote, akaachilia ghafla.

Baiskeli iliruka. Gurudumu la nyuma liliiacha sakafu, likatua na kuruka tena.

"Imeruka," Nyaruai alisema kutoka mlangoni.

"Nimeona."

"Hiyo karatasi inasema imefungwa."

"Karatasi inasema."

Kwa kidole na gumba Nanyama aliizungusha nobu kushoto, akihesabu milio yake midogo. Kumi na miwili, mpaka mwisho. Kwa kila fundi duniani hapo angekuwa ameifungua kabisa. Aliegemea tena, akaachilia. Kiti kilipanda taratibu, kwa adabu, kama mzee anayeinuka kusalimia wageni.

Akairudisha kulia milio sita, katikati, akafunga mlango. Alimwita yule mkaguzi wa malori mvivu, mzembe, kipofu; alitakiwa kuchapwa viboko.

*

Hillary aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na kamba moja tu ya kiatu. Alikuwa mwembamba, macho mekundu, na alikuwa ameacha kujifanya shujaa tangu Jumatatu.

"Madam, sasa?" alisema, halafu akajikumbuka. "Habari ya saa hizi."

"Ulikuwa unafanya nini kwa hiyo dakika moja?"

"Si nishasema. Pampu. Nilikuwa naazima pampu ya Kimo, ilikuwa imewekwa hapo chini kwa gurudumu. Nikaichukua nikaenda."

"Hukuguza shoki?"

"Madam, mtu haguzi shoki ya mtu. Hiyo ni kama kuguza bibi ya mtu. Hata yeye angenigonga."

"Umeona video."

"Mara mia. Ilimrusha ka farasi."

"Farasi?"

Kijana aliangalia meza. "Ni ka-mchezo tulikuwa nako. Mtu akija mgeni kwa kikundi, unamfungulia ribaundi yote, hiyo nobu, na hujamwambia. Unamtuma ashuke kwa kale kamlima kadogo. Inamrusha, watu wanacheka, basi amekuwa wetu. Tulikuwa tunaita kumpandisha farasi. Mimi pia walinipandisha, nilitoka jino." Alionyesha pengo. "Lakini tuliacha bana. Kuna msichana aliumia mbaya. Hakuna mtu hucheza hiyo siku hizi."

Nanyama aliandika neno farasi kwenye daftari, akalipigia mstari. Alimwona Kiptum mlangoni akimwonyesha saa.

Alitoa kwenye bahasha picha ya ile shoki, kubwa, nobu ikionekana wazi. "Kama ungetaka kumfanyia Kimotho farasi, ungezungusha wapi?"

"Madam, mimi si—"

"Nimekuuliza wapi."

"Kushoto," Hillary alisema, machozi yakimtoka. "Kufungua ni kushoto. Kila mtu anajua ni kushoto. Lakini sikuguza."

Kushoto. Kama kijana huyu angetaka kumuua mwenzake angezungusha kushoto, na shoki ile ya ajabu ingefunga, na Kimotho angekuwa hai leo akilalamika kwamba baiskeli imekuwa nzito. Labda anajifanya. Nanyama alikuwa ameona watoto wa shule wakidanganya vizuri kuliko mawakili. Alichukua funguo za gari.

*

Karakana ya Wepukhulu huko Bumula ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye mashine ya kuchongea vyuma iliyozeeka kuliko mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na mvi. Aliizima mashine alipoona sare.

"Mulembe, papa," Nanyama alimsalimu kwa lugha ya kwao, ambamo baba ni papa na mama ni mayi. Alikuwa mtu wa huku huku, na alijua kwamba mzee wa Bumula haanzwi na swali.

"Mulembe, mayi. Karibu. Hiyo kiti ina mafuta, kaa hii ingine." Alimpangusia stuli. "Wewe ni wa kwa nani?"

Alimwambia ni wa kwa nani. Mzee akamjua babu yake, akamsifu, akamlaumu kwa kuuza shamba. Ndipo Nanyama akatoa ile picha.

Wepukhulu aliikodolea macho, akaishusha. "Hiyo ni ya yule kijana alikufa."

"Uliitengeneza wewe."

"Ni mimi. Ndani kulikuwa na sindano ya chuma, ndio inafunga mafuta. Ilikuwa imevunjika. Spea iko ng'ambo, miezi miwili. Kijana akanipigia simu akilia, mbio ni karibu. Nikamwambia tuma." Alifikia kopo la maziwa la bati chini ya meza, akalimwaga. Vilikuwa vyuma vya pedali, vingi, vimeliwa na kutu. "Hii ndio chuma ngumu kwangu. Ya pedari ya baisikeri ya Black Mamba. Hiyo haipindi. Nikachonga sindano na hiyo, nikatumia uzi wake ule ule, ile mikato ya skrubu."

"Uzi wake uko vipi?"

Mzee alicheka kidogo, kwa kiburi cha fundi. "Mayi, watu wetu wanapanda baisikeri na mguu wa kushoto. Wanakanyaga, wanasukuma, wanaruka juu. Na mzigo wa mahindi nyuma. Kwa hivyo pedari inavunjika ni ya kushoto. Angalia hii kopo. Ya kushoto tupu. Na pedari ya kushoto, uzi wake umekatwa kinyume, ndio isijifungue ukikanyaga."

Nanyama aliokota chuma kimoja akakigeuza mkononi. "Kwa hivyo nobu ya Kimotho..."

"Inafunga kushoto. Ukizungusha kulia, inafungua. Nilijua ni hatari. Nilimpigia simu mara mbili nikamwambia, kijana, kumbuka ni kinyume. Akacheka. Akaniambia, fundi, usiambie mtu yeyote. Akasema hiyo ni siri ya mbio, mtu akija kunichezea atanisaidia."

"Wewe ulimwambia mtu?"

"Nani aliniuliza? Wewe ndio wa kwanza." Alianza kurudisha vyuma koponi, kimoja kimoja. "Mayi, ni mimi nilimuua?"

"Hapana, papa."

"Sema ukweli."

"Kuna mtu aliizungusha kulia mpaka mwisho. Wewe hukuwa hapo."

Njiani kurudi, Kiptum akiendesha, Nanyama aliyapanga kwa sauti ili ayasikie yakitoka. Kimotho alijua, kwa hivyo si yeye. Aliyebaki ni mmoja kati ya wawili. Rafiki asiyejua, aliyeona springi imekuwa ngumu akataka kufunga kidogo, akafungua. Au adui aliyejua. Na waliokaribia baiskeli tangu mazoezi ya Ijumaa, ambayo Kimotho aliyafanya bila shida, walikuwa ni Hillary kwa dakika moja na Ngige kwa usiku mzima, kwa sababu baiskeli ililala kwa karakana yake, ikafika Saboti kwa pikapu dakika chache kabla ya Kimotho kuitwa mstarini, asipate hata nafasi ya kuijaribu.

"Rafiki asiyejua tutamfanya nini, Afande?" Kiptum aliuliza.

"Tutamwambia apige magoti mbele ya Mama Kimotho."

"Na adui?"

"Huyo nitampigisha magoti mimi." Alilisema kwa raha, na hakuona haya.

*

Ijumaa saa nne Ngige alifika kabla ya kuitwa mara ya pili. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, ovaroli safi, mikono mikubwa iliyooshwa kwa petroli. Alimwamkia Nyaruai kwa kuinama na kumshika mkono kwa mikono miwili. Nyaruai alikuwa amehamisha kiti chake ndani ya stoo, kwa ruhusa, na kwa sharti la kutosema neno.

"Wewe ndiye mtaalamu wetu," Nanyama alianza. "Mchana nampeleka yule kijana kortini, na hakimu haelewi baiskeli. Nataka unifundishe nimfundishe."

"Hiyo si shida, Madam."

"Springi hii uliweka wewe."

"Ni mimi. Na nilimwambia Kimotho, ukipanda springi lazima ufunge ribaundi. Hivyo viwili ni bibi na bwana. Mmoja akiongeza sauti, mwingine lazima aongeze subira. Akasema atafanya mwenyewe."

"Hii nobu, kabla ya leo, umewahi kuizungusha?"

"Sijawahi. Iko kwa statement."

"Kufunga ni upande gani?"

"Kulia. Popote duniani ni kulia. Hillary alizungusha kushoto akaifungua, na hiyo dakika moja ilimtosha."

Kiptum aliandika. Nanyama aliegemea kiti cha baiskeli, akaachilia, na gurudumu likaruka kidogo, kwa sababu alikuwa ameirudisha nobu katikati. "Umeona? Bado ina wazimu. Niwekee sawa kwa mtu wa kilo sitini na mbili kwa springi hii, kama ungemwekea Kimotho. Nataka kumwonyesha hakimu baiskeli salama ilivyo."

Ngige alichuchumaa. Alifanya kama mafundi wote wazuri wanavyofanya, bila kuangalia, uso ukiwa juu, sikio likisikiliza. Mkono wake wa kulia ulishika nobu. Tik, tik, tik, tik. Aliegemea kiti mara moja tu, kikapanda taratibu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akainuka akipangusa mikono.

Kiptum aliacha kuandika. Ngige alichukua muda kuelewa kwa nini.

"Umezungusha wapi, Ngige?" Nanyama aliuliza.

Fundi aliangalia mkono wake.

"Mdomo umesema kulia. Mkono umeenda kushoto. Na hukujaribu kwanza, hukubahatisha. Milio minne kamili."

"Nimesikia... mtu akiwa na uzoefu anasikia mafuta—"

"Jana jioni nilimpa Hillary hiyo nobu. Nikamwambia aifunge. Alizungusha kulia mpaka mwisho, akaegemea, ikaruka ikampiga kidevu. Alishtuka mpaka akakaa chini. Uzi wa hiyo nobu ni wa kinyume. Duniani kuna mzee mmoja Bumula anayejua hivyo, na Kimotho, na yeyote aliyeicheza usiku akitafuta mahali inapofunguka." Nanyama alisogea hatua moja. "Wewe hujawahi kuizungusha. Iko kwa statement."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Ngige iliishia pale kwenye sakafu ya stoo. Halafu akafanya jambo ambalo Nanyama hakulitarajia. Akanyoosha mgongo. Uso wote uliokuwa wa adabu ukamwondoka, na uliobaki ulikuwa wa mtu aliyechoka kubeba kitu na sasa amepata pa kukitua.

"Sawa," alisema. "Nilimpandisha farasi."

Nyaruai alitoa sauti. Kiptum akamshika bega.

"Kama vile yeye alimpandisha Wangechi. Mnamjua Wangechi? Hamumjui. Dada yangu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, alitaka tu kujifunza. Kimotho akampa baiskeli yake, akafungua ribaundi yote, akatoa simu arekodi. Springi ya mtu wa kilo sitini na mbili, msichana wa kilo arobaini na nane. Ilimtupa kwa mawe. Ako kitandani mpaka leo, kuanzia hapa kwenda chini hasikii kitu." Alijigusa kifuani. "Nilikaa na Kimotho miaka miwili. Nilimtengenezea baiskeli akashinda mara mbili. Nilikula kwake. Mama Kimotho, ulinipikia. Kila siku nilikuwa nahesabu. Mwenye kovu usidhani kapoa."

"Ungekuja polisi," Nanyama alisema.

"Nilikuja." Alimgeukia, na kwa mara ya kwanza alikasirika waziwazi. "Nilikuja hapa! Nilikaa kwa hiyo benchi ya nje siku tatu. Nikakuambia wamefungua nobu. Ukaniuliza nobu ni nini. Ukaniambia baiskeli zimekuwa zikiangusha watu tangu wazungu walete. Hunikumbuki?"

Nanyama hakumkumbuka.

"Machi, mwaka juzi. Angalia OB."

Kiptum alikuwa ameshatoka. Alirudi na kitabu kikubwa cha matukio kimefunguliwa, na hakumpa Nanyama. Alikiweka juu ya kiti cha baiskeli kama mtu asiyetaka kuguswa mkono. Maneno yalikuwa mistari miwili. Msichana ameanguka na baiskeli Saboti. Ajali, hakuna hatua zaidi. Chini yake palikuwa na cheo na jina, kwa mwandiko wa haraka wenye mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho. Mwandiko ulikuwa wake.

Alimwita yule mkaguzi wa malori majina gani hapo jana? Aliyakumbuka yote, na yote yalimtosha yeye.

"Pingu," alimwambia Kiptum. Kwa Ngige alisoma maneno ya sheria mpaka mwisho, bila kuruka, kwa sauti ambayo haikuwa yake. Kisha akachukua fomu, akaijaza akiwa amesimama, akaitia sahihi. "Mtoe Hillary. Mrudishie simu na kamba yake ya kiatu. Na umpeleke wewe mwenyewe mpaka mlangoni kwao, asishuke popote."

"Mama Kimotho," Nanyama alisema, "wale vijana wa Saboti."

Nyaruai alichukua simu kwenye mkoba, akapiga. Alisema kwa Kikuyu maneno machache makali, akakata. "Hawatamgusa." Halafu akamwangalia fundi. "Kimotho alicheka? Huyo msichana alipoanguka."

"Alicheka. Mpaka akaona haamki."

"Ungeniambia. Ningemvunja miguu mwenyewe."

"Ungemficha. Wewe ni mama."

Nyaruai alifunga mkoba. "Sikusamehe, Ngige. Usidhani kwa sababu nimesikia nimekusamehe. Ulikula ugali wangu na mwanangu ulikuwa unamchimbia kaburi. Dada yako anajua ulichofanya?"

Ndipo Ngige alipoogopa. Hakuogopa pingu, wala korti, wala kifungo cha maisha. Hayo alikuwa ameyanunua zamani. Lakini swali lile lilimfikia. "Hajui. Anajua Kimotho alianguka tu. Alimlilia. Alikuwa amemsamehe, ameokoka yeye, anasali mpaka kwa watu wabaya. Mama, tafadhali. Nifungeni. Hata nitakubali kila kitu, lakini yeye msimwambie. Hana mwingine. Akijua ni mimi, na ni kwa ajili yake..."

"Nitamwambia," Nyaruai alisema. "Mimi mwenyewe. Leo."

"Mama!"

"Uliniacha na kitanda hakina mtu. Mimi nakuachia hiyo." Alimgeukia Nanyama. "Na wewe utakuja. Utamsomea ulichoandika kwa hicho kitabu."

Inspekta angeweza kusema mengi. Kwamba kitabu cha matukio hakitoki kituoni. Kwamba shahidi haruhusiwi kusumbuliwa kabla ya kesi. Yote yalikuwa kweli. Alitoa daftari lake akanakili mistari ile miwili neno kwa neno, na cheo, na jina, akalitia mfukoni na kuchukua funguo za gari.

Walikuwa wamefika mlangoni Ngige alipoita tena. Sauti ilikuwa imebadilika; haikuwa ya kuomba tena.

"Hajala," alisema. "Tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mimi ndiye humlisha. Na hawezi kujigeuza, lazima ageuzwe kabla ya saa saba, la sivyo anatoka vidonda."

Nyaruai alisimama, mgongo ukiwa kwao. Bega lake moja lilipanda na kushuka.

"Unga mnaweka wapi?" aliuliza.

"Ndoo ya bluu. Chini ya meza."

"Anakula ugali ama uji?"

"Uji. Mwepesi. Bila sukari nyingi."

"Nitampikia," Nyaruai alisema. "Akishiba, nitamwambia."